Hina ya Bonde la Moto

Mama alipitisha kidole cha shahada juu ya mwamba, kisha akakisogeza karibu na macho na kukitazama vile atazamavyo hina iliyokauka mkononi mwa bibi harusi. Ncha ya kidole ilikuwa nyekundu. Akaisugua kwa kidole gumba; vumbi likapukutika, wekundu kidogo ukabaki kwenye mistari ya ngozi.

"Hii rangi imepakwa," alisema. "Jiwe lenyewe si jekundu."

Mama amepaka hina Tanga kwa zaidi ya miaka 40. Amewapaka maharusi, kisha akawapaka mabinti wa maharusi hao, na kila akiona rangi hutaka kujua imeingiaje. Siku ile tulikuwa mbali sana na Tanga, katika hifadhi ya Valley of Fire, jimbo la Nevada, Marekani. Alichokisema pale kwa pumzi moja ndicho nilichokuja kukisoma baadaye kwenye maandishi ya wanajiolojia, ukurasa kwa ukurasa.

Valley of Fire maana yake ni Bonde la Moto. Lipo kama kilomita 80 kaskazini mashariki mwa Las Vegas, ndani ya jangwa la Mojave, na ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote zinazomilikiwa na jimbo hilo. Ilitambuliwa rasmi mwaka 1935. Kaka yangu anaishi Las Vegas, ni muuguzi. Mwezi Februari mimi na Mama tulikwenda kumwona yeye na familia yake, na usiku wa kwanza akatutembeza kwenye yale mataa ya mjini ambayo dunia nzima inayajua. Mama aliyatazama kwa heshima zote, lakini kesho yake asubuhi, wakati wa chai, akauliza, "Hapa kwenu hakuna pahala penye ardhi?"

Ndipo kaka akalitaja bonde.

Mimi nilisita. Mama ana miaka 71 na goti lake la kushoto limeshaanza kumsumbua kwenye ngazi. Kwetu mtu akisikia safari ya miguu porini hufikiria Kilimanjaro: mabegi, wapagazi, kuumwa kichwa. Kaka akamwambia, "Si kupanda mlima, Mama. Ni kutembea kama unavyotoka Chumbageni kwenda sokoni Ngamiani, ukapumzika, ukarudi." Mama akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Akaambiwa mawe yapo mengi. Basi, safari ikawa imekubaliwa.

Tuliondoka kabla ya jua, watu wanne: Mama, kaka, mimi, na binti wa kaka mwenye miaka 9 ambaye alilala njia nzima. Wifi yangu alikuwa ametufungia chapati, sambusa na chupa ya chai ya tangawizi. Nyuma ya gari kaka alipakia maji, lita 16. Nilipomwuliza kama si mengi mno, alinijibu kwamba huku kila mtu huhesabiwa lita nne kwa siku moja, na kwamba hilo hajadiliani na mtu.

Ukitoka barabara kuu unaingia kwenye vilima vya kijivu, vikavu kama mgongo wa kenge, vyenye vichaka vifupi vilivyoachiana nafasi kana kwamba vimekatazwa kugusana. Vinaachiana kwa sababu ya maji. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 100. Tanga tunapata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kila kichaka kinahitaji eneo lake la kunywea. Kisha barabara inashuka, inapinda, na mara chini yako pamewaka. Miamba myekundu inatokeza kwenye tambarare kama makaa yaliyomwagwa, na jua la asubuhi likiipiga kwa ubavu huwezi kuamini kwamba ukiigusa ni ya baridi. Mama alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, akamwamsha mjukuu wake.

Vile vilima vya kijivu tulivyovipita ni mawe ya chokaa, yaliyojengeka chini ya bahari ya kale. Mtu wa pwani anayaelewa mawe ya namna hiyo, nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa matumbawe. Ajabu ni kwamba hayo ya kijivu ni mazee kuliko mekundu, na bado, mahali pengi upande huu, yamekaa juu yake. Nguvu zilizojikusanya chini ya ardhi ziliisukuma sakafu ya bahari ya kale ikapanda juu ya mchanga wa baadaye. Baada ya hapo maji na upepo vikakwangua, vikakwangua, mpaka mekundu yakafunuliwa tena.

Tulikwenda moja kwa moja hadi mwisho wa barabara ya hifadhi, kwenye njia iitwayo White Domes. Ni mzunguko wa kilomita 2 hivi. Unaanza kwa kushuka kwenye mchanga kati ya miamba miwili mikubwa, kisha kuna ngazi za mawe. Mama aliweka mkono begani kwangu na tukashuka ngazi moja moja. Goti likigoma, tunasimama. Nilianza siku nikidhani kusimama huko kutatuchelewesha. Baada ya dakika kumi nilikuwa nashukuru. Watu wazima wenye viatu vya bei kubwa walitupita wakienda mbio, na hawakuona tulichokiona sisi tulipokuwa tumesimama mbele ya mwamba mmoja usiozidi urefu wa mlango: chini rangi ya tende, juu yake mstari mwembamba wa manjano kama bizari, kisha waridi, kisha zambarau iliyofifia, kisha weupe wa maziwa ya nazi, halafu wekundu tena. Mistari ile haikunyooka. Ilikuwa imejikunja, ikabanana mahali pamoja, ikaachana mbele, kama halua inayovutwa na mwiko kabla haijakaza.

Chini bondeni kuna kipande cha ukuta wa mawe. Ni mabaki ya jengo lililowekwa kwa ajili ya filamu ya The Professionals, iliyotoka mwaka 1966, waliyoigiza Burt Lancaster na Lee Marvin. Watu wengi hupiga picha pale. Sisi tulipita.

Baada ya ukuta huo njia inaingia kwenye korongo jembamba. Kuta zinapanda pande zote mbili, na katikati Mama alipanua mikono akagusa kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Ubaridi ulitupokea kama wa mtungini. Kuta zimelainika mpaka kifuani na zaidi, na kaka akaeleza kwamba ni kazi ya mafuriko: mvua ikinyesha mbali, hata kama hapa jua linawaka, maji hukimbilia humu yakiwa na mchanga ndani yake, yakasugua. Ndiyo maana siku yenye wingu mtu haingii. Na hapo ndipo Mama alipopitisha kidole.

Mchanga huu, kabla haujawa mwamba, ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwani, zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Upepo uliukusanya, vilima vikafunikwa, vikashindiliwa, maji yaliyopita ndani yake yakaacha madini yaliyozigandisha chembe pamoja. Chembe moja ya mchanga, ukiisafisha, ni nyeupe na angavu kama chumvi ya mawe. Kilichoifanya iwe nyekundu ni chuma. Utando mwembamba sana wa chuma kilichoshika kutu umeizunguka kila chembe, na mabilioni ya chembe hizo ndiyo bonde lote hili la moto. Baadaye maji mengine yaliyopita chini ya ardhi yaliikuta kutu hiyo, mahali fulani yakaiyeyusha na kuiondoa kabisa, ndipo ukaona miamba myeupe. Mahali pengine yakaibeba na kuiweka upya, nene au nyembamba, ndipo ukaona manjano, waridi na zambarau. Rangi zote hizo, au karibu zote, ni chuma kile kile kilichokutana na maji kwa namna tofauti.

Nilimweleza Mama hayo jioni, nikisoma kwenye simu. Hakushangaa. "Rangi haishiki pakavu," alisema. "Hata hina, ukiacha ikakauka upesi, unapata manjano tu. Ndiyo maana tunainyunyizia maji ya ndimu na sukari." Akarudi kukata vitunguu.

Mimi, hilo ndilo lililonikaa moyoni safari nzima. Tumezoea kusema jangwa halina maji na kuishia hapo, kana kwamba tumelieleza. Kumbe kila unachokitazama pale, rangi na umbo, kimefanywa na maji.

Njia ya pili ni Fire Wave, Wimbi la Moto, kama kilomita 2.4 kwenda na kurudi. Unavuka barabara, unakata mchanga, kisha unatembea juu ya mwamba mtupu ulioinama kidogo. Hapo nilikuwa na wasiwasi zaidi. Lakini mwamba wa mchanga unashika soli vizuri, mradi hakuna maji juu yake, na kwenye mteremko mmoja kijana asiyetujua na mwenzake walisimama wakampa Mama mkono kila mmoja upande wake bila kuombwa. Mwisho wa njia mwamba umekuwa wimbi kweli, mistari myekundu na myeupe ikizunguka na kushuka kama khanga iliyoachwa ianguke. Ukiinama utaona kwamba ndani ya mistari mipana kuna mistari myembamba iliyolala upande. Hiyo ni migongo ya vile vilima vya mchanga. Kila mmoja ni mporomoko mdogo wa mchanga uliosukumwa na upepo, na ukitazama ulivyoinama unajua siku hiyo upepo ulikuwa unaelekea wapi. Binti wa kaka alilaza shavu lake juu ya mwamba na kukaa kimya kwa muda ambao sijawahi kumwona akikaa kimya.

Mwamba huu ni laini kuliko unavyoonekana. Kingo nyembamba zinazotokeza huvunjika zikikanyagwa, na kilichovunjika hakioti. Tafadhali, ukienda, fuata njia.

Tulipumzika kwenye mawe saba yaliyosimama peke yake kando ya barabara, yanaitwa Seven Sisters, Dada Saba. Kuna meza na vivuli. Tulikula. Adhuhuri ilipoingia Mama alitawadha kwa maji yasiyofika nusu chupa. Sijapata kuona mtu akitawadha kwa utaratibu mzuri kama ule, kiganja kimoja kwa kila kiungo, hakuna tone lililokwenda bure. Kaka alimwonyesha kibla kwenye simu. Kwetu Tanga tunaelekea kaskazini, na huku pia, upande wa pili wa dunia, ni kaskazini, na mashariki kidogo tu. Mama alifurahi sana kwa hilo. Alitandika leso yake juu ya mchanga mwekundu akasali.

Binti wa kaka alikuwa anatafuta kobe. Kobe wa jangwani ndiye mtambaazi rasmi wa jimbo la Nevada, lakini Februari wamelala mashimoni. Baba yake akamwambia kwamba hata akimwona asimwinue. Kobe huyo huhifadhi maji kwenye kibofu, ndiyo akiba yake ya miezi ya ukame. Ukimshika akashtuka huyamwaga yote, na asipopata mengine anaweza kufa. Mtoto akauliza, "Kwa hiyo shangazi, ukimpenda usimguse?" Nikamwambia ndiyo.

Kobe hatukumwona, ila tuliona kondoo-mwitu watano wakivuka barabara bila haraka, dume likiwa na pembe nzito zilizojikunja mpaka karibu na mdomo. Nusu saa baadaye tuliwaona tena, safari hii juu ya jiwe.

Njia ya Mouse's Tank inapita katikati ya korongo pana lenye mchanga mwingi, laini, mwekundu. Mama aliutazama, akavua raba na soksi, akanipa nimshikie. Nikamwambia kuna miiba. Akasema ataangalia. Tangu hapo alitembea vizuri kuliko asubuhi yote, miguu ikizama na kutoka, vile tunavyotembea Raskazone bahari ikiwa imekupwa.

Pande zote mbili za korongo lile miamba imevaa ngozi nyeusi inayong'aa. Ni udongo laini, chuma na manganizi, vilivyojipaka juu ya jiwe kwa maelfu ya miaka. Watu wa kale waliigonga ngozi hiyo kwa jiwe jingine mpaka rangi ya ndani ikatokea, wakachora: kondoo wenye pembe, watu walioshikana mikono, nyayo, duara ndani ya duara, mistari inayokwenda kama nyoka. Mingi ya michoro hii imedumu zaidi ya miaka 800, na mingine ni ya zamani zaidi ya hapo. Mama alisimama mbele ya duara moja kwa muda mrefu. Alilifuata kwa kidole hewani, bila kuligusa, kama anayejifunza kuchora ua jipya. "Aliyechora hili alianzia kati," alisema. "Tazama alivyopata nafasi."

Hatua chache mbele tulikuta majina yaliyokwaruzwa juu ya ngozi ile ile nyeusi. Majina ya watu wa juzi, na tarehe. Niliumia sana, na naandika hivi ili msomaji wangu asije akafanya hivyo mahali popote, iwe Nevada au Kondoa kwenye michoro yetu. Jiwe lile litahitaji maelfu ya miaka kujifunika tena.

Wenyeji wa nchi hii ni Wapaiute wa Kusini, wenyewe hujiita Nuwuvi, na wapo hadi leo. Kabila la Moapa lina ardhi yake karibu na hifadhi. Mouse, yaani Panya, lilikuwa jina alilojulikana kwalo Mpaiute mmoja aliyetafutwa kwa tuhuma za uhalifu miaka ya 1890. Alijificha katika makorongo haya, na aliweza kuishi humu kwa sababu alijua maji yalipo. Mama alisikiliza hadithi hiyo kutoka kwa kaka mpaka mwisho, akauliza, "Na mama yake alimwitaje?" Tukakosa cha kujibu.

Njia inaishia kwenye ufa kati ya miamba. Unainama, unachungulia, na chini kuna maji. Ni bakuli la jiwe lililochimbwa na maporomoko ya mvua. Likijaa, linaweza kukaa na maji miezi mingi kwa sababu jua halilifikii. Siku ile maji yalikuwa meusi ya kijani, yametulia, na juu yake limeelea jani moja. Tulikaa pale wanne bila kusema. Nilifikiria mabirika ya maji ya mvua ya nyumba za zamani pwani, yaliyofunikwa kwa mbao, na namna bibi zetu walivyotukataza kuyachezea.

Anayetaka kwenda aende kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto hupita nyuzi 45, na njia kadhaa, zikiwemo hizo mbili za kwanza, hufungwa hadi mwisho wa Septemba kwa sababu watu wamekufa. Abebe maji hata kama anaona ni mengi. Asichukue hata kokoto; sheria inakataza, na Mama, ambaye alitamani sana unga kidogo wa ule wekundu, aliondoka mikono mitupu. Na asiye na safari ya Marekani asidhani ameachwa: Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kuna nguzo za mchanga na udongo zilizochongwa na maji, na Marafa, si mbali na Malindi, kuna korongo lenye wekundu, waridi na weupe wake. Kote huko mtu anatembea kwa mguu, polepole, na kurudi nyumbani kabla ya giza.

Wazee wetu tunawaacha nyumbani mno kwa hofu ya magoti yao. Njia ya Mouse's Tank, kwenda na kurudi, ni kilomita 1.2, na Mama aliimaliza peku.